Ganda la Shaba Lililowashinda Wahunzi wa Unyamwezi

Askari wa wanyamapori wanaofanya doria katika misitu ya miombo ya Ugalla na Kigosi wakimnasa jangili, mara nyingi humkuta na gobore. Mtutu wake huenda ulikuwa bomba la maji, kitako kimechongwa kwa mninga, na mtambo umefuliwa kwa chuma chakavu na fundi ambaye hataki kujulikana. Mtemi Mirambo wa Urambo angeitambua silaha hiyo mara moja. Angeshangaa tu kuona kwamba bado inatumika, wakati bunduki zinazojazwa kwa nyuma na kupiga risasi baada ya risasi zilikwishafika Tabora akiwa bado hai.

Wengi hujibu kwamba gobore ni silaha ya maskini, na jibu hilo lina ukweli wake. Lakini vita vya Burundi kuanzia 1993, na vya Kongo kuanzia 1996, vilisukuma silaha za kivita hadi Kigoma na Kagera, na mtu aliyetaka bunduki bora kuliko gobore hakuhitaji kusafiri mbali. Gobore halikufa. Sababu yake kubwa haiko kwenye bunduki yenyewe bali kwenye kitu kinachotoshea kiganjani: ganda la risasi, kile kikopo cha shaba ya njano ambacho polisi hukiokota kwenye eneo la tukio.

Gobore halihitaji ganda. Mwindaji hulisimamisha kitako chini, humimina baruti mdomoni mwa mtutu kwa kukadiria kwa jicho, hushindilia kitambaa kwa mdeki, hutumbukiza risasi au vipande vya chuma, kisha hushindilia tena ili visimwagike atakapoinamisha mtutu. Nyuma, juu ya kitundu kidogo, hukaa fataki ambayo nyundo ya mtambo huigonga. Vitu hivyo vyote hupatikana mahali mbalimbali, kila kimoja kwa njia yake, na kikikosekana kimoja mtu hutafuta mbadala. Kazi ni ya taratibu, na mvua ikinyesha inaweza kuharibika yote. Hata hivyo hakuna kiwanda kinachoweza kumwambia mwindaji huyo kwamba leo hakiuzi.

Risasi ya kisasa imeviunganisha vitu hivyo kuwa kimoja. Ganda ndilo linaloshika kila kitu: fataki kwenye kitako chake, baruti tumboni, kichwa cha risasi mdomoni. Lakini kulihesabu kuwa ni chombo cha kubebea tu ni kulipunja. Bunduki inapolia, shaba hutanuka na kubana kuta za chemba, moshi na moto usipate pa kupenya kumrudia mpigaji usoni. Halafu hunywea kidogo, ganda likatoka kirahisi. Shaba ikiwa ngumu mno hupasuka, ikiwa laini mno hunasa. Vipimo vyake ni vya sehemu ndogo sana za milimita, na kosa dogo humdhuru aliyeshika bunduki kabla halijamgusa anayelengwa. Ndiyo maana bunduki za kujazwa kwa nyuma, wazo lililokuwepo kwa karne kadhaa, zilisubiri hadi nusu ya pili ya karne ya 19 ndipo zikaenea: zilikuwa zinasubiri ganda.

Wakati huohuo ndipo njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikuwa imechangamka kuliko wakati wowote. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, wakawakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili wamekwishajenga matembe na bustani. Bunduki zilizokuwa zikipita hapo zilikuwa gumegume, yaani magobore ya kuwashwa kwa jiwe, za Birmingham na Liège, nyingine zikiundwa mahususi kwa soko la Afrika na kwa bei ya chini. Majeshi ya Ulaya yalipoanza kubadili silaha zao katika miaka ya 1860 na 1870, mamia ya maelfu ya bunduki zilizopitwa na wakati zilitafuta pa kwenda, na Zanzibar ikawa mojawapo ya milango yake. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 za kila aina zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia pwani hii.

Takwimu hiyo hunukuliwa sana, na kwa haki. Ila inampotosha msomaji kwa namna moja: inamfanya ahesabu bunduki. Mtemi wa Unyamwezi alihesabu baruti. Bunduki mia bila mapipa ya baruti ghalani hazikumtisha jirani yake, na kila msafara uliopanda kutoka pwani uliulizwa kwanza umebeba kiasi gani. Hongo, yaani ushuru wa kupita, ililipwa kwa vitambaa, kwa masango ya shaba na kwa baruti pia. Mirambo, aliyetawala kutoka Urambo hadi alipokufa Desemba 1884, alipigana na Waarabu wa Tabora kuanzia 1871 kwa jeshi la wapiganaji walioitwa rugaruga, waliokuwa na mchanganyiko wa bunduki, mikuki na mishale. Msafiri Stanley, aliyejiingiza katika vita hivyo upande wa Waarabu mwezi Agosti mwaka huo, alishuhudia namna watu wenye gumegume wanavyoweza kuwatimua watu wenye silaha bora wakijua wapi pa kuvizia.

Kwa hiyo katika kizazi hicho, tofauti kati ya mwenyeji na mgeni ilikuwa ndogo. Baruti ilitoka pwani, kweli, lakini risasi za duara zilisubuliwa kijijini, mitambo iliyovunjika ilitengenezwa na wahunzi, na bunduki moja iliweza kuishi miaka mingi ikipita mkono hadi mkono. Hawa hawakuwa watu wa kubahatisha na chuma. Majembe ya Wasumbwa na Warongo yalijaa soko la Tabora, na yalitumika karibu kama fedha. Wasumbwa waliohamia Katanga chini ya Msiri, wakaitwa Bayeke, walifua shaba na kuivuta kuwa nyuzi nyembamba za bangili kwa ustadi uliowashangaza wasafiri wa Kizungu.

Hapa ndipo penye kiini cha suala lote. Watu wanaovuta uzi mwembamba wa shaba, wanaojua shaba iliyopigwa huwa ngumu na ikipashwa moto hulegea, walikuwa tayari na sehemu ya elimu inayohitajika kutengeneza ganda. Walichokosa hakikuwa akili wala mkono. Ganda zuri linataka bamba la shaba na zinki lenye unene uleule kila mahali, mashine za kulisukuma kwa hatua hadi liwe kikombe, na vipimo visivyobadilika kutoka ganda la kwanza hadi la milioni. Mhunzi anaweza kufua kimoja kizuri. Kiwanda hufua milioni zinazofanana, na bunduki ya kujazwa kwa nyuma inakubali zinazofanana tu. Hata likipatikana ganda, inabaki fataki, kemikali ya kulipuka kwa kugongwa, ambayo wahunzi wa bara hawakuwa na pa kuianzia.

Mataifa ya Ulaya yalilielewa hilo, na yakaliweka kwenye maandishi. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulipiga marufuku uingizaji wa silaha na risasi katika eneo kubwa la Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini. Lakini uliacha mlango. Serikali za kikoloni ziliruhusiwa kuidhinisha uuzaji wa gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida iliyojulikana kama baruti ya biashara. Kwa maneno mengine, Mwafrika angeweza kubaki na bunduki ya baba yake. Asichopaswa kukipata ni bunduki inayokula maganda. Mkataba huo husifiwa kwa kupiga vita biashara ya watumwa, na ulichangia kweli, lakini ulikuwa pia mkataba wa kugawa teknolojia: nyuma ya mstari mmoja wabaki wenye gobore, mbele yake wasimame wenye kiwanda.

Matokeo yalionekana haraka. Kusini, Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa walilisambaratisha jeshi la Kijerumani la Zelewski pale Lugalo na kuteka bunduki zipatazo 300. Ushindi ulikuwa mkubwa, lakini kila ganda lililopigwa kutoka kwenye ngawira hiyo lilikuwa pengo lisilozibika, kwa kuwa aliyeweza kuliziba alikuwa ni Mjerumani yuleyule waliyepigana naye. Tabora, mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa na boma lenye kuta nene na ghala la baruti. Wajerumani walimshambulia zaidi ya mara moja mwaka 1892 bila kulivunja. Januari 1893 Tom von Prince aliliingia, na Isike akaliwasha ghala lake la baruti akiwa ndani. Maelezo ya kifo chake husimuliwa kama kisa cha ujasiri, na ni kweli. Lakini yanaonyesha pia kwamba mpaka dakika ya mwisho utajiri wa kivita wa Unyanyembe ulikuwa baruti iliyolundikwa, wakati waliokuwa wakipanda ukutani walikuwa wamebeba yao ndani ya maganda, kila mtu kiunoni mwake.

Mtu aliyeishi kwenye mpaka wa dunia hizo mbili alikuwa Charles Stokes, Mwairishi aliyekuja kama mhudumu wa misheni ya Kianglikana, akaoa Limi, mwanamke wa ukoo wa kitemi huko Usongo, kaskazini ya Tabora, kisha akaacha misheni na kuwa mfanyabiashara wa misafara. Aliuza bunduki na baruti hadi Buganda, na wapagazi wake wa Kinyamwezi walimwamini. Wajerumani walimtumia walipomhitaji. Wabelgiji hawakumhitaji: Januari 1895 Kapteni Lothaire alimnyonga huko Ituri kwa kosa la kuuza silaha kwa maadui wa Dola Huru ya Kongo, bila nafasi ya rufaa. London na Berlin zilipiga kelele, fidia ikalipwa, na biashara ya bunduki kwenye njia ya misafara ikapoteza mtu wake mashuhuri wa mwisho.

Miaka ishirini baadaye zamu ya kukosa maganda ikawa ya Wajerumani wenyewe.

Vita vya 1914 vilipoanza, manowari za Uingereza zilifunga bahari, na koloni lililotegemea kila risasi kutoka Ulaya likajikuta katika hali ya Mkwawa. Makombania mengi ya askari yalikuwa bado na Mauser za 1871, zenye baruti ya zamani inayotoa wingu la moshi na kumwonyesha adui mpigaji alipo. Aprili 1915 meli ya Rubens ilipenya hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na bunduki na risasi, ikashambuliwa na meli ya kivita ya Hyacinth na kuzama kwenye kina kifupi. Wapiga mbizi waliopoa sehemu kubwa ya shehena. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, na kadiri siku zilivyopita ndivyo zilivyozidi kugoma.

Kilichofuata ni kisa kilicho karibu zaidi kuliko vyote na utengenezaji wa risasi wa mkono katika historia ya Afrika Mashariki. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, risasi zilifunguliwa moja moja, baruti ikatolewa, na fataki zilizoharibika zikabadilishwa kwa nyingine zilizokuwepo nchini. Kazi hiyo ilifanyika kwa miezi kadhaa huko Moshi. Risasi zilizoaminika zaidi ziliwekewa bunduki za rashasha, ambazo zikikwama katikati ya mapambano ni maafa. Zenye mashaka zikapewa askari wa kawaida. Ganda halikuwa tatizo safari hii, lilistahimili bahari. Tatizo lilikuwa fataki. Bila ile akiba ndogo iliyokuwepo, vichwa, maganda na baruti vyote vingekuwa mzigo tu.

Tabora, wakati huo, ganda lilikuwa likisafiri njia ya kinyume. Reli ya Kati ilikuwa imefika mjini 1912, na pamoja nayo karakana yenye mashine za kukata na kukandamiza chuma. Sarafu zilipoadimika, mwaka 1916 karakana hiyo iligeuzwa kuwa kiwanda cha fedha. Ilipiga vipande zaidi ya 16,000 vya dhahabu vya rupia 15, vyenye picha ya tembo, kutokana na dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Sarafu za kawaida za hela 5 na hela 20, zenye herufi T chini yake, zilipigwa kwa shaba iliyokusanywa kokote ilikopatikana, yakiwemo maganda ya mizinga na ya risasi zilizokwishapigwa. Ziligongwa kwa haraka, na anayeziangalia leo huona herufi zilizopinda na kingo zisizo sawa. Septemba mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji likiongozwa na Tombeur liliuteka mji, na karakana ikarudi kwenye mabehewa.

Inafaa kusimama hapo kidogo. Karakana iliyoweza kuyeyusha ganda na kulipiga liwe sarafu haikuweza kufanya kinyume chake, kuichukua shaba hiyo na kutoa ganda jipya. Sarafu ikipinda kidogo bado inanunua mtama. Ganda likipinda halipigi, au linapiga vibaya.

Mvuto wa ganda kwa watu wa kawaida, wasio askari wala majangili, umekulia mbali na hapa. Marekani na sehemu za Ulaya kuna wapenzi wa bunduki ambao hobi yao ni kuunda risasi za nyumbani, hasa zile za kipenyo kidogo, ambazo kiwanda hakizitengenezi au hakijazitengeneza bado. Huchukua ganda lililopo na kulibana shingo ili lishike kichwa chembamba zaidi. Baadhi ya majaribio hayo hukubaliwa na viwanda: .22 Hornet ilitokana na kazi ya maofisa waliokuwa wakijaribu mambo huko Springfield Armory katika miaka ya 1920, na Winchester wakaanza kuiuza mwaka 1930. Hobi hiyo imeokoa pia bunduki za zamani. Kynoch ya Birmingham, iliyolisha bunduki nyingi za wawindaji wa Afrika, iliacha risasi hizo karibu na 1970, na wenye .416 Rigby, bunduki iliyozaliwa 1911, wakategemea maganda ya kubadilishwa hadi iliporudi sokoni baadaye.

Lakini hata hao hawajajitegemea kama wanavyopenda kujieleza. Karibu wote huanzia kwenye ganda la kiwanda cha mtu mwingine. Na fataki huinunua. Uhaba ulioikumba Marekani kati ya 2020 na 2022 uliwaacha watu wenye meza zilizojaa maganda, baruti na vichwa wakingoja vipakiti vya fataki ambavyo havikuwepo dukani. Ni shida ileile ya Moshi 1915, ila hawa walikuwa wanakosa burudani ya Jumamosi tu.

Wawindaji wa zamani wa Afrika Mashariki hawakuwa na uvumilivu wa namna hiyo. W.D.M. Bell, aliyewinda tembo Karamoja tangu 1902 na kuua zaidi ya 1,000 maishani mwake, wengi wao kwa bunduki ya kipenyo kidogo ya milimita 7, hakuichagua kwa sababu ya nadharia. Alikuta risasi zake za Kijerumani hazimwangushi. Bunduki nyingine aliyoipenda, ya .318, aliiacha kwa sababu risasi zake hazikuaminika. Kwake, kama kwa mtemi wa Unyamwezi, swali la kwanza lilikuwa juu ya kile kinachoingia chemba.

Tanzania ya leo imelifunga swali hilo kwa sheria na kwa kiwanda. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inahitaji leseni kwa silaha na kwa risasi zake, na utengenezaji wa aina yoyote bila kibali ni kosa, kwa hiyo hobi ya kuunda maganda chumbani haina pa kuota mizizi hapa. Shirika la Mzinga la Morogoro, lililoanzishwa 1974, hutengeneza risasi nchini, na Kenya ina kiwanda chake Eldoret, kilichojengwa miaka ya 1990 kwa msaada wa kampuni ya Ubelgiji. Nguvu iliyokuwa Birmingham na Liège imehamia kwenye serikali za hapa. Haikuhamia kwa raia, na sheria haikukusudia hivyo.

Ganda lenyewe limekuwa msaidizi wa serikali kwa namna ambayo wabunifu wake hawakuipanga. Kitako chake hupigwa chapa ya kiwanda, na mara nyingi mwaka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaochunguza vita vya mashariki mwa Kongo husoma chapa hizo ili kujua risasi zilitoka nchi gani na lini, na wapelelezi wa kawaida hufanya hivyohivyo wakiokota maganda barabarani. Gobore halidondoshi kitu. Linaacha harufu ya baruti na jeraha, na mchunguzi hana chapa ya kusoma.

Faida hiyo ndogo, ikijumlishwa na ile kubwa ya kutotegemea kiwanda, inaeleza kwa nini misako na misamaha ya kusalimisha silaha inayotangazwa mara kwa mara huvuna magobore kwa wingi bila kuyamaliza. Mwenye bunduki ya kivita anaweza kubanwa kwa kukatiwa risasi, na bunduki yake ikaozea chini ya ardhi ilikofukiwa. Mwenye gobore lazima atafutwe mwenyewe, pamoja na fundi wake. Katika eneo lenye ukubwa wa misitu ya Tabora, ambako kijiji kinaweza kuwa mwendo wa siku nzima kutoka kituo cha polisi kilicho karibu, kazi hiyo huishia kwa askari wachache wanaofuata nyayo msituni na kwa viongozi wa vijiji wanaomjua mhunzi wao kwa jina, kwa kuwa ndiye pia anayewatengenezea majembe.